Kosa langu, faili lake

Nimefundisha Kijerumani mjini Moshi kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo nimekifundisha vibaya kitenzi kimoja: müssen. Matamshi yake sikuyakosea, wala mnyambuliko wake. Nilichokosea ni maana yake kinapokanushwa. Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili ni zito zaidi. Kosa langu lilipomponza binti niliyemfundisha, akaniuliza kwa adabu zote kama sikuwafundisha hivyo, nilimjibu kwamba hakuwa makini darasani. Nilimjibu kabla hata sijafungua daftari langu kuhakiki. Nilipolifungua nikalikuta kosa limekaa pale kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikanyamaza.

Wanafunzi wangu ni vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita, wanaotaka kwenda Ujerumani kwa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi ambayo mtu husoma huku anafanya kazi na kulipwa. Wengi huchagua uuguzi. Wakija kwangu wana haraka: cheti cha lugha, viza, tiketi. Mwalimu wa watu wenye haraka hupenda majedwali, na mimi nilikuwa na jedwali langu nililojivunia. Kijerumani kina vitenzi sita ambavyo husaidia vingine kueleza uwezo, ruhusa, matakwa na wajibu. Niliviandika upande wa kushoto wa ubao, na upande wa kulia nikaviwekea Kiswahili: können kuweza, wollen kutaka, mögen kupenda, dürfen kuruhusiwa, sollen kutakiwa, müssen kupaswa. Kitenzi kikitazamana na kitenzi, "ku" chini ya "ku". Lilipendeza.

Neno lililonijia kwanza kwa müssen halikuwa kupaswa. Lilikuwa lazima, kama lingemjia yeyote anayezungumza Kiswahili. Nililiacha kwa sababu lazima si kitenzi. Halichukui kiambishi cha nafsi, na lingeharibu safu yangu ya "ku". Nikatafuta neno linalonyambulika, nikapata kupaswa. Yote yaliyofuata yalianzia hapo, kwenye tamaa ya jedwali lililonyooka.

Katika kukubali, hakuna aliyeumia. Ich muss arbeiten ukiitafsiri "napaswa kufanya kazi", unapunguza uzito kidogo, lakini ujumbe unafika. Na sarufi nyingine yote ya kitenzi hiki niliifundisha kwa makini. Niliwaonyesha kwamba kitenzi kikuu hukimbilia mwisho wa sentensi: Ich muss morgen nach Arusha fahren, na lile fahren, kusafiri, linakaa nyuma ya kila kitu. Niliwaonyesha kwamba kitenzi cha mwendo chaweza kuachwa kabisa: anayesema Ich muss nach Hause hajataja kwenda, ila kila mtu anajua anaondoka kwenda nyumbani. Na anayesema Ich muss mal, akaishia hapo, anataka kwenda msalani. Niliwaeleza kwa nini ich muss na er muss zinafanana, bila ile -t ambayo vitenzi vingine huvaa kwenye nafsi ya tatu: umbo hili la wakati uliopo lilikuwa zamani umbo la wakati uliopita, likahama na tabia zake. Niliwasisitizia nukta mbili juu ya u, kwa sababu musste ni "ilimlazimu" na müsste ni "ingemlazimu", na anayezisahau anageuza jambo la kudhaniwa kuwa jambo lililotokea. Baadhi ya vitabu vyetu vilikuwa vya msaada, vya zamani, vimeandika muß. Nikawaeleza kwamba mageuzi ya tahajia yaliyokubaliwa mwaka 1996 yaliagiza ss baada ya irabu fupi, ndiyo maana siku hizi tunaandika muss.

Nataja haya ili ieleweke kwamba uvivu haukuhusika. Mwalimu mvivu angeishia njiani. Mimi niliendelea mpaka mstari wa mwisho wa jedwali, mstari wa ukanushi, nikaandika kwa chaki ya rangi: nicht müssen = kutopaswa. Chini yake nikaweka mfano: Du musst nicht kommen, hupaswi kuja. Vijana wakanakili.

Tuusikilize mfano huo kwa sikio la Kiswahili. Nikikwambia "hupaswi kuja", nimekukataza, au angalau nimekuonya. Kiambishi cha ukanushi kimekaa juu ya kupaswa, lakini kinachokataliwa ni kuja. Tunafanya hivyo na vitenzi vingine pia. Anayesema "sitaki aende" hajasema kwamba hana matakwa. Anayo, na anachotaka ni mtu asiende. "Sidhani atakuja" ni kudhani kwamba hatakuja. Kijerumani hakifanyi hivyo na müssen. Katika du musst nicht kommen, ile nicht inaondoa ulazima peke yake, na suala la kuja linabaki mikononi mwa mwenyewe: si lazima uje, ukipenda njoo. Anayetaka kukataza hutumia dürfen, kitenzi cha ruhusa: du darfst nicht kommen, huruhusiwi kuja. Au hutumia sollen, ambacho ndicho kilichostahili kukaa mbele ya kupaswa, kwa kuwa nacho kikikanushwa hukataza. Amri Kumi kwa Kijerumani zinakataza kwa sollen.

Laiti ningeandika lazima pale ubaoni, ukanushi ungejiweka sawa wenyewe: si lazima. Neno nililolitupa kwa kukosa "ku" ndilo lililokuwa sahihi katika kukubali na katika kukanusha.

Tena nilionywa, nami sikusikia. Mlangoni pa darasa nilibandika tangazo la kuwalazimisha vijana waongee Kijerumani tu: Hier muss man nicht Suaheli sprechen. Kichwani mwangu nilikuwa nimeandika "Hapa haipasi kuongea Kiswahili." Siku moja akapita mgeni kutoka Ujerumani, mtu mzima, aliyekuja kutembelea usharika wa jirani. Alisimama mlangoni, akalisoma, akatabasamu, akaniambia kwamba huo ni uungwana mkubwa, maana yeye amekuwa akiona aibu kutembea Tanzania bila kujua Kiswahili. Nikamshukuru. Nilidhani anasifu nidhamu ya darasa langu. Tangazo lilikuwa linamwambia: Hapa si lazima kuongea Kiswahili. Liliendelea kukaa pale mlangoni mpaka karatasi ikageuka manjano.

Binti ninayemzungumzia alikuwa miongoni mwa wanafunzi wangu hodari. Alifaulu mtihani, akapata viza, akaanza mafunzo ya uuguzi katika hospitali ya mji mdogo huko Ujerumani. Asubuhi moja alikuwa anawapitia wagonjwa wodini, na mmoja wao alikuwa bibi aliyesubiri upasuaji wa nyonga. Bibi yule hakutakiwa kula. Sababu yake kila muuguzi anaijua: mtu akipewa dawa ya usingizi akiwa na chakula tumboni, chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Kwa kawaida chakula hukatazwa saa sita kabla ya upasuaji, na maji saa mbili kabla.

Wajerumani wana neno moja la hali hiyo ya kukaa bila kula: nüchtern. Binti alilijua neno hilo kwa maana yake nyingine, mtu asiyelewa, kwa sababu ndivyo nilivyowafundisha tulipofika sura ya vinywaji. Alimsikia muuguzi mkubwa akilitaja, lakini aliona haya kumwendea bibi wa watu na kumwambia awe hajalewa. Basi akaunda sentensi yake mwenyewe, akifuata jedwali langu. Alitaka kusema: "Bibi, leo hupaswi kula chochote." Akasema: Sie müssen heute nichts essen.

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Kitenzi kisaidizi kiko mahali pake, essen iko mwisho, na Sie ni ya heshima, kama inavyofaa kwa mtu mzima. Mjerumani akiisikia anaelewa: Leo si lazima ule kitu. Bibi alielewa hivyo, tena aliona wema ndani yake, kwamba huyu mgeni mdogo hataki kumsumbua na chakula. Alijibu kwamba anashukuru, ila njaa anaisikia kidogo. Binti akampa pole ya njaa, akaenda kitanda kingine. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameletewa kifungua kinywa. Wakagawana mkate mdogo wa mviringo, ule wa kukata katikati, wakapaka siagi na jemu.

Daktari wa usingizi alipokuja na maswali yake ya kawaida, bibi alimweleza ukweli bila wasiwasi wowote: amekula nusu mkate. Jana yake alikuwa ameelezwa asile, lakini asubuhi ile muuguzi alimwambia vingine, na yeye akafuata kauli ya mwisho. Upasuaji ukaahirishwa. Mtu aliyekuwa amejiandaa usiku kucha kwa hofu akarudishwa nyuma kuanza kuogopa upya.

Binti akaitwa ofisini. Akaulizwa alimwambia nini mgonjwa. Akairudia sentensi neno kwa neno, kwa kujiamini, maana alikuwa na hakika nayo, na kila aliyekuwa pale mezani akasikia kwamba alimwachia bibi hiari. Ikaandikwa kwenye faili lake kwamba alimpa mgonjwa maelekezo yasiyo sahihi kabla ya upasuaji. Hakuelewa kosa lilikuwa wapi mpaka jioni, mwanafunzi mwenzake wa Kijerumani alipomkalisha chini na kumweleza.

Ndipo akanitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo mwalimu," alianza, sauti imekauka. Akasimulia yote kwa utaratibu, kisha akauliza: "Mwalimu, si ulitufundisha kwamba nicht müssen ni kutopaswa? Au mimi ndiye niliyenakili vibaya?"

Alinifungulia mlango wa kutokea, nami nikatoka. Nilimjibu kwamba marahaba, pole sana mwanangu, ila jambo hilo tulilieleza vizuri darasani, na akumbuke kwamba mara nyingi alikuwa anachelewa vipindi. Kuchelewa alichelewa kweli, alikuwa anatoka Machame kwa daladala. Lakini siku ya müssen alikuwepo tangu mwanzo, amekaa mbele. Nilimkumbuka hata nilipokuwa narekodi jibu langu.

Akaandika: "Samahani mwalimu. Basi ni mimi."

Usiku ule nikalitoa daftari la maandalizi. Mstari ulikuwepo, umepigiwa kistari chini. Nilichotakiwa kufanya wakati ule kilikuwa wazi na hakikuhitaji hata dakika kumi. Sikukifanya. Kwa majuma kadhaa nikajishughulisha na kutafuta wakili.

Wakili wangu wa kwanza alikuwa Kiingereza. Kiingereza kina must, na must ikikanushwa hukataza. Vijana wetu wamesoma sekondari yote kwa Kiingereza, kwa hiyo huenda wamepotoshwa na huko. Tena maneno hayo ni ya ukoo mmoja, kwa kuwa must imetokana na umbo la wakati uliopita la kitenzi cha Kiingereza cha kale ambacho ni ndugu wa müssen. Hoja nzuri, ila jedwali langu halikuwa na Kiingereza hata neno moja. Lilikuwa na Kiswahili, tena Kiswahili nilichokichagua mimi.

Wa pili nilimtafuta kaskazini mwa Ujerumani. Kamusi ya Duden yenyewe inakiri kwamba huko nicht müssen huweza kubeba maana ya kukataza. Na mzazi anayembembeleza mtoto anaweza kumwambia du musst nicht weinen, kwa maana ya "usilie, hakuna cha kulilia". Nilifurahi nilipoyasoma haya. Nikawaza kwamba tukio lingekuwa Hamburg, kesi ningeishinda. Lakini kubembeleza ni kitu kimoja na kuzuia chakula kabla ya nusukaputi ni kingine. Muuguzi wa kaskazini naye, akitaka mgonjwa asile, hutumia dürfen au humwambia moja kwa moja asile.

Wakili wa tatu ndiye aliyenikaribisha kwenye ushindi, naye alikuwa historia. Nilipata nakala ya kamusi ya asili za maneno ya Friedrich Kluge, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1883 na ambayo imekuwa ikirekebishwa na kuchapishwa tena tangu hapo. Humo nikakuta kwamba müssen hakikuzaliwa na amri mdomoni. Katika Kijerumani cha kale kiliitwa muozan, na maana yake ilikuwa kuwa na nafasi, kuweza, kuruhusiwa. Ulazima ulikuja baadaye. Lugha ya Kigothi, ambayo tunaijua hasa kwa sababu askofu Wulfila aliitumia kutafsiri Biblia katika karne ya 4, ina kitenzi ndugu, gamotan, kupata nafasi. Kinaonekana katika Marko sura ya 2, pale watu walipofurika nyumbani hata mlangoni pakakosekana nafasi, wakati yule mwenye kupooza alikuwa analetwa amebebwa na watu wanne. Ukoo huohuo umezaa neno Muße, muda wa mtu kupumzika bila kudaiwa na shughuli. Kwa hiyo kitenzi kinachowatoa Wajerumani kitandani alfajiri kina undugu na neno lao la faragha na starehe. Sisi wenye neno nafasi, linalobeba nafasi ya kukaa, nafasi ya muda na nafasi ya kazi kwa pamoja, hatupati taabu kuelewa udugu huo.

Namna ruhusa ilivyogeuka kuwa amri nayo haishangazi sana. Mkubwa wa ofisi akikwambia "unaweza kwenda", hukai kutafakari kama unapenda kwenda. Unainuka.

Halafu nikasoma habari za dürfen, hicho cha ruhusa, nikakuta kwamba kimesafiri kwa njia ya kinyume. Zamani kilikuwa durfan, kuhitaji, kupungukiwa. Ndugu zake bado wako kwenye uhitaji mpaka leo: Bedarf na Bedürfnis ni mahitaji, bedürfen ni kuhitaji, dürftig ni kitu hafifu, cha kimaskini. Yaani vitenzi hivi viwili vimebadilishana viti. Kilichokuwa karibu na ruhusa kikahamia kwenye ulazima, na kilichokuwa kwenye uhitaji kikahamia kwenye ruhusa. Na dürfen kilihama kwa kupitia mlango wa ukanushi. Aliyeambiwa kwamba hahitaji kufanya jambo, polepole akaelewa kwamba asilifanye, na kwa kuwa "huna haja" iligeuka kuwa "huruhusiwi", kitenzi chenyewe kikabaki na maana ya kuruhusiwa.

Unaona nilivyoshangilia. Mteremko uleule ambao binti alianguka nao, Wajerumani wenyewe waliushuka. Isitoshe, Mjerumani wa karne ya 12 akisikia müssen cha wakati wake kimekanushwa, angeweza kabisa kuelewa kwamba anakatazwa. Bibi angekuwa wa karne hiyo, angeuacha mkate. Nikajiambia kwamba mwanafunzi wangu hakukosea Kijerumani, alichelewa tu karne kadhaa.

Nikakaa nikaandika maelezo marefu ya kumpelekea. Kiingereza kilikuwemo, kaskazini ilikuwemo, Wulfila alikuwemo, durfan na muozan vilikuwemo, kila kitu kimepangwa vizuri kama jedwali. Nikayasoma tangu mwanzo mpaka mwisho, nikaona hakuna mahali hata pamoja nilipoandika kwamba alikuwepo darasani, amekaa mbele, akanakili nilichoandika. Kurasa zote zilikuwa zinanihusu mimi. Niliona aibu kuliko siku ya ujumbe ule, kwa sababu siku ile nilidanganya kwa pupa, na safari hii nilikuwa nimekaa chini nikajiandaa.

Na hoja yenyewe ilikuwa mbovu, elimu yake yote pamoja. Vitenzi vile vilihama kwa karne nyingi, vikihama na wasemaji wote, kila mmoja akimwelewa mwenzake njiani. Bibi wa wodini hakuwa njiani. Alikuwa anazungumza Kijerumani cha asubuhi ile, na ndicho nilicholipwa kukifundisha.

Nikampigia simu. Nilimwambia kwamba alinakili sawasawa, kosa lilikuwa la ubaoni, na nilipomtajia kuchelewa nilikuwa najificha nyuma yake. Alikaa kimya kidogo, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza: "Sasa mwalimu, hawa wengine umeshawaambia?"

Nilikuwa sijawaambia. Nimeshughulika na Wagothi, na vijana wangu wako Ujerumani wanaishi kwa jedwali langu.

Tuna kundi la WhatsApp la waliopita darasani kwangu. Niliandika humo kosa lote, nikaweka sentensi sahihi, nikaomba radhi. Majibu yakaanza kuingia, na kila moja lilikuwa na bei yake. Kijana aliyeko kwenye kiwanda cha mikate alisema msimamizi wake alimwambia kwamba Jumamosi musst du nicht kommen. Akaelewa kwamba hatakiwi siku hiyo, akafikiri ni ubaguzi, akakaa chumbani na kinyongo chake. Wenzake walikuwa wanakwenda kwa hiari yao na kulipwa ziada. Dada mmoja alisema mwenye nyumba wake alimwambia si lazima avue viatu mlangoni. Akaelewa amekatazwa kuvua, na majira yote ya baridi akawa anakanyaga zulia la watu kwa viatu vya theluji, huku roho inamuuma na mwenye nyumba anazidi kununa. Wengine walicheka. Mmoja aliandika tu: "Ahsante mwalimu, sasa naelewa mengi," na sikuthubutu kumuuliza ni mengi gani.

Binti aliniomba pia niandike kwa msimamizi wake. Niliandika kwa Kijerumani, nikaeleza kwamba sentensi ile niliitengeneza mimi na yeye aliirudia kwa uaminifu. Msimamizi alinijibu kwa heshima. Alisema amelielewa jambo lenyewe na anamwona binti kwa jicho jingine, lakini taarifa ya tukio hueleza lililotokea, na lililotokea halifutwi.

Darasani jedwali la safu mbili nimeliacha. Siku hizi siandiki kitenzi chochote kati ya vile sita bila kuandika hapohapo ukanushi wake, na naanzia kwenye Kiswahili. Nawapa vijana "hupaswi kula", "si lazima ule" na "usile", nawauliza nani kati ya hawa watatu anaruhusiwa kugusa chakula. Wanajibu bila kusita, kwa sababu hiyo ni lugha yao. Nawapa "huna budi kula", yenye umbo la kukanusha na maana ya kulazimisha, wanacheka, wanaona kwamba umbo la ukanushi peke yake halitoshi kukuambia kinachokanushwa ni nini. Wakishaona hilo kwao, ndipo tunaingia Kijerumani. Si lazima inakwenda kwa nicht müssen, au kwa brauchen, ambacho Wajerumani hukipenda sana katika ukanushi: du brauchst nicht zu kommen. Hupaswi inakwenda kwa sollen, na katazo lisilo na mjadala linakwenda kwa dürfen. Neno nüchtern nalo nalifundisha kwa maana zake zote mbili, ya hospitali ikitangulia. Lile tangazo la mlangoni nimelibandua.

Haya yote yanawafaa waliokuja baada yake. Yeye mwenyewe hayajamfaa kitu. Atamaliza mafunzo, ataomba kazi, na atakayelifungua faili lake atasoma kwamba alimpa mgonjwa maelekezo yasiyo sahihi. Hatasoma kwamba alisema kama alivyofundishwa, wala kwamba aliyemfundisha alipoulizwa alimtupia yeye lawama. Ndani ya faili lile sina ruhusa ya kuandika neno. Kwa hiyo nimeandika hapa, na wanafunzi wangu wanaosoma haya wanajua ni mimi.